Acha Nafasi ya Kuitikia

Nyinyi mnaoingia sasa kwenye chumba cha kurekodia mnakuta kuta zimevaa magodoro ya zamani, mnatazamana, mnacheka. Chekeni tu. Magodoro yale tuliyapigilia misumari wenyewe, mimi na Maman Furaha, na mojawapo lilitoka kitandani kwangu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alilala kwenye mkeka akiwaambia majirani kwamba yeye ameoa maktaba. Lakini bila magodoro yale kila kitabu cha nyumba hii kingekuwa na pikipiki inapita katikati ya sura.

Mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Naandika Kiswahili cha vitabuni, maana nimekisoma kwa sauti miaka mingi mpaka kimenikaa kinywani. Watu nitakaowataja nitawaacha waseme vile tunavyosema hapa Buja, yaani Bujumbura, herufi h tukiimeza mara kwa mara, na msinisahihishe. Naitwa Mwajuma, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, binti wa fundi cherehani. Kazi yangu ilikuwa kusoma vitabu, sauti ikarekodiwa, ikapelekwa kwa watu ambao maandishi yamewakataa. Wengi wenu mnadhani hao ni vipofu tu. Wapo wazee wenye mtoto wa jicho. Yupo mama ambaye mikono inatetemeka hawezi kufungua ukurasa. Wapo vijana wanaoona hata sindano iliyoanguka mchangani, lakini herufi zinawachezea machoni mpaka wakaitwa wajinga shuleni. Hao wote ni watu wetu.

Nianze na yale ambayo hamtafundishwa na kompyuta. Siku ya kurekodi usile maharage. Mike, yaani kipaza sauti, inasikia tumbo kuliko inavyosikia akili. Kuna kitabu kimoja cha malezi ya watoto, sura ya pili, ambapo tumbo langu linatoa maoni yake waziwazi, na tulichelewa kugundua, kimeshasambaa mpaka mtaa wa Kanyosha. Bangili zivue. Ukurasa uinue kabla hujamaliza sentensi ya mwisho, usingoje mpaka umalize, la sivyo msikilizaji atasikia karatasi inalia kila mara. Maji yawe ya uvuguvugu. Mvua ikianza kupiga mabati, weka mike chini, chemsha chai. Usishindane na mabati.

Na mwezi wa Ramadhani, angalia saa. Msikiti uko karibu na sisi, mnaujua. Siku moja tulichelewa kumaliza kitabu, adhana ya magharibi ikapenya kwa mbali kwenye mkanda wa kaseti, wala hatukuisikia, masikio yalikuwa kwenye kazi. Bibi mmoja wa hapa hapa Buyenzi akaupata mkanda ule Ramadhani hiyo hiyo. Anasikiliza alasiri, jua linawaka, adhana ikasikika chumbani mwake. Bibi wa watu akavuta tende, akanywa maji kwa nafasi yake, akamshukuru Mungu. Kisha mjukuu akaingia kutoka shule ya mchana akamkuta anakula. Bibi alikuja hapa kesho yake anapapasa ukuta kwa fimbo, akauliza ni nani aliyesoma. Nikasema ni mimi. Akasema, "Siku yenye nitailipa, utafunga pamoja na mi." Nikafunga. Jioni tukafuturu pamoja kwake, akanipikia vizuri sana.

Kusoma kwa sauti nilifundishwa na Maman Furaha. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Uvira, Kongo, akavuka kuja huku miaka ya vita, akakuta Buja haina darasa la kumpa. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, mnene, mpole, lakini kwenye kazi hana utani. Siku yangu ya kwanza nilisoma ukurasa mzima kwa sauti ya redio, nimejisikia. Akanisimamisha. Akaleta kiti, akakiweka mbele yangu, akatandika kitenge chake juu yake.

"Musomee uyu," akasema.

"Nani? Hakuna mtu."

"Iko mutu. Aoni vizuri, amechoka, na ameacha kazi yake ju ya kukusikiliza. Musomee ye. Mike aina masikio ya kupenda."

Mkiona kile kiti kitupu chumbani, basi hapo ndipo kilipotokea. Msikitoe.

Kulikuwa na jambo lake jingine ambalo mimi niliona ni ujinga kabisa. Kila mkanda alianza kwa salamu. Si salamu ya kupita tu. Anasema, "Yambo, ndugu yangu, uko salama?" halafu ananyamaza. Mkanda unazunguka bure. Anangoja, anangoja, halafu anasema, "Mi pia niko salama, tumushukuru Mungu. Tusome." Nyakati hizo mikanda ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi, na yeye anarekodi kimya.

"Maman, kwa nini unanyamaza?"

"Nimemusalimia mutu. Naye iko na mudomo. Mupatie nafasi aitike."

"Lakini yuko Kanyosha. Hatutamsikia."

"Sisi apana," akasema. "Lakini ye atajisikia."

Niliendelea kubisha mpaka siku niliyopeleka mikanda Kanyosha mwenyewe. Nikafika kwa mama mmoja kipofu, mlango wazi, yeye uani anachambua maharage, redio ya kaseti pembeni yake. Sauti ya Maman Furaha ikamuuliza kama yuko salama. Yule mama akainua uso, akajibu kwamba yuko salama, isipokuwa mbuzi anaharisha na mvua imeharibu choo. Alijibu yote, akamaliza, na Maman Furaha akasema tumushukuru Mungu, tusome. Nilisimama pale mlangoni nikasahau kubisha hodi. Tangu siku hiyo kila kitabu nilichosoma nilianza kwa salamu, na nikaacha nafasi.

Mikanda ikaisha, zikaja sidii, zikaisha nazo, zikaja kadi ndogo kama ukucha ambazo kila siku zilipotea. Msikilizaji wa mikanda alihitaji mwenye macho wa kumwambia upi ni upi. Tulishona vifungo vya shati kwenye vifuko, kifungo kimoja hadithi, viwili afya, vitatu dini, na wateja wetu wakawa hodari wa kupapasa vifungo kuliko mafundi cherehani. Lakini bado mtu alikuwa anaomba. Mwanangu nipe ule, hapana siyo huo, basi samahani, nitangoja. Kuomba kusomewa kila siku kunachosha. Unaona haya kidogo, kisha unaacha kuomba.

Ndipo zikaja simu zenye msaidizi wa sauti. Nyinyi mmezaliwa nazo, hamwezi kujua ilikuwaje. Unabonyeza kitufe, simu inalia ting, unasema unachotaka: nisomee kitabu fulani, rudi nyuma, simama, endelea. Inafanya. Mtu asiyeona anachagua kitabu chake mwenyewe, saa anayotaka, bila kumwambia yeyote tafadhali. Mimi nililia siku niliyoona hivyo mara ya kwanza, na sioni aibu kusema.

Kijana aliyetuletea kazi hiyo ni Eric, mtoto wa mtaa wa Kibenga, mnamjua, sasa ana kitambi, wakati ule alikuwa mwembamba na begi mgongoni. Alichukua vitabu vyetu vyote akavihamishia kwenye simu, kazi ya miezi, na aliifanya kwa moyo. Kwa faida ya wanaoanza, haya ndiyo tuliyojifunza pamoja. Weka tone la rangi ya kucha kwenye kitufe, kidole kikipate. Kitabu kipakue kabisa simu ikiwa na mega za intaneti na mtandao uko vizuri, maana umeme ukikatika mtandao nao unaaga. Kirundi ile sauti haikukielewa hata kidogo, Kifaransa iliweza, Kiswahili ilijitahidi. Na uongee baada ya ting, si kabla, na useme kwa kifupi.

Hapo kwenye kifupi ndipo tulipokwama. Nani hapa kwetu anaongea kwa kifupi? Tulikuwa na mama mmoja wa kule juu Musaga, mstaarabu, anabonyeza kitufe na kuanza: "Mwanangu, habari ya kushinda? Pole na kazi. Kama hutachoka, na kama hakuna mutu mwingine amekutuma mbele yangu..." Simu imeshalala zamani. Anabonyeza tena, anaanza tena na pole. Mwingine alikuwa anaiaga kabla ya kuizima, anaituma imsalimie mke wake Eric, na Eric wakati huo hajaoa. Tulicheka sana ofisini. Nilikuwa nawafundisha: isalimie simu moyoni, halafu bonyeza, halafu amuru. Nilidhani nimepata dawa.

Kisha Mama Shakila, jirani yetu wa zamani, akamleta mume wake.

Mzee Saidi mnamsikia kwa wazee wenu. Alikuwa fundi wa malori hapa Buyenzi, na sauti yake ilijulikana barabara nzima. Akiwa juu ya lori anamwita mtu aliye chini ya lori, mama zetu jikoni walikuwa wanaitika kwa kukosea. Presha ya macho ikamla taratibu, akawa anafunga nati kwa vidole tu, mwisho akafunga karakana, wakahamia Musaga kwenye nyumba ya mkewe. Binti yao Shakila ameolewa Kigoma. Wakabaki wawili.

Mama Shakila alimkalisha Mzee kwenye kiti, akanivuta kando karibu na mlango.

"Sikuja ju ya vitabu, Mwajuma," akaniambia. "Huyu mutu ameacha kuongea. Anasema nipatie maji, anasema fungula dirisha, basi. Amekuwa hivyo toka mvua ya mwaka uliopita. Daktari amemupima, aiko mugonjwa. Mi naongea na sufuria. Ananiishia mukononi hivi hivi nikimuangalia."

Nikamwambia atulie, tutajaribu. Nikamtazama Mzee Saidi: ameweka kofia yake juu ya goti, mikono miwili juu ya kofia, kimya. Na mimi nikafikiri, Mungu wangu, mashine yenyewe inataka mtu aongee ndipo imsomee, na huyu ndiye ameacha kuongea.

Nilimtafutia kitabu. Tulikuwa na masimulizi ya madereva wa malori wa zamani, tuliyoyakusanya wenyewe, wanaeleza milima, madaraja, injini zilizowalaza njiani. Nilijua kitamgusa. Eric akamshikisha simu, akamwonyesha tone la rangi kwa kidole, akamweleza kila kitu kwa upole. Mzee akalipapasa tone lile. Tukangoja. Mwisho akabonyeza, simu ikalia ting, na Mzee Saidi akasema kwa sauti ndogo sana, iliyokwaruza, "Salaam aleikum."

Kisha akangoja aitikiwe.

Simu ikasema samahani, haijaelewa. Ikazima.

Akajaribu tena, akainamisha kichwa kuisogelea. "Salaam aleikum." Ikasema samahani. Ikazima. Mzee akaiweka mezani, akaisukuma kwa kidole mpaka ikagusa mkono wangu.

"Kitu chenye akiitike salamu," akasema, "mi siwezi kukituma."

Nikaanza hotuba yangu. Mzee wangu, ile ni mashine tu, haina dini, haina wazazi, ni kama jeki. Unaisalimia jeki?

"Jeki aiongeake," akasema. "Hiyo inaongea. Kama inajua kuomba samahani, ijue na kuitika."

Nikachukua simu, nikaamuru mimi mwenyewe, kitabu cha madereva kikaanza. Mzee akageuza sikio. Nikaona uso wake umefunguka kidogo, halafu ukafunga tena.

"Hii si sauti ya weye?"

"Ni mimi, Mzee."

"Toka lini binti wa fundi cherehani anaingia kwa mutu bila hodi?"

Ilikuwa kweli. Kitabu kilianza kwenye sentensi ya kwanza ya sura ya kwanza, puu. Mama Shakila akamshika mkono mume wake, wakaondoka. Simu ilibaki mezani. Namkumbuka yule mama mlangoni, hakunilaumu kwa neno lolote, alinitazama tu kama mtu aliyefika mwisho wa tumaini lake, na mimi nikabaki nimesimama nimeshika kile kidude.

Salamu zilikatwa na Eric. Alipokuwa anahamisha vitabu aliona mwanzoni mwa kila kimoja maneno ambayo hayamo kwenye kitabu, na baada yake kimya kirefu, akavitoa vyote, salamu na kimya. Alinieleza wakati ule nami nikaitikia, nikijua nafasi kwenye simu ni ndogo. Maman Furaha alikuwa ameshakufa, na hakukuwa na mtu wa kututolea macho. Sasa nikamfuata Eric kwenye meza yake, nimefura.

"Umekata salamu za watu."

"Maman, ni kimya. Kinakula nafasi. Tena mutu anadhani simu imekwama."

"Si kimya. Ni zamu ya mtu kuongea."

"Lakini anaongea na nani? Aiko mutu hapo."

Nikamshika mkono, nikampeleka mbele ya kile kiti chenye kitenge, nikamwambia yale niliyoambiwa na Maman Furaha, na habari ya yule mama na mbuzi anayeharisha. Eric si mjinga, na si mtu wa kushikilia. Alicheka kuhusu mbuzi, halafu akaacha kucheka. Akajikuna kichwa.

"Maman, hii simu inafundishika," akasema. "Unaipatia sentensi moja, unaiambia ikisikia hiyo sentensi ifanye kitu fulani. Icheze sauti fulani, kisha ifungule kitabu. Sentensi inaweza kuwa yoyote."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

Nikaenda kuvua bangili.

Tulifunga mlango. Nikakaa mbele ya kiti, na juu ya kitenge nikamweka, kwa mawazo, Mzee Saidi na kofia yake juu ya goti. Nikasema, "Aleikum salaam, Mzee Saidi. Ni Mwajuma. Umeamukaje?" Nikanyamaza. Niliacha nafasi ya mtu mzima, ya kusema ameamka salama na kumshukuru Mungu na kuuliza nyumbani kwangu. Eric alikuwa anaangalia ule mstari wa sauti ulionyooka kwenye kompyuta na kidole chake kinawashwa kuukata, nikampiga kikofi cha mkono. Kisha nikasema, "Hata huku ni salama. Msalimie Mama Shakila. Nimekuletea habari za madereva." Tukarekodi nyingine ya mchana na nyingine ya jioni, ili simu isimuulize mtu ameamkaje saa kumi alasiri. Eric ndiye aliyefikiria hilo.

Tukampelekea Musaga. Ilikuwa siku zile za kukosa esansi, yaani petroli, mabasi yamelala, tukapanda kwa miguu, Eric na begi lake, mimi na magoti yangu. Mama Shakila akatupa maji. Nikamweleza Mzee kila kitu bila kuficha. Nikamwambia simu haijawa Muislamu, aliyeitika ni mimi, niliitika nikiwa Buyenzi nikaihifadhi humo.

"Najua," akasema. "Mi si mwenda wazimu."

Akabonyeza. Ting. "Salaam aleikum." Simu ikasema samahani. Eric akarudia kuipanga, jasho linamtoka. Tatizo halikuwa mpango wake. Sauti ya Mzee ilikuwa imelala muda mrefu, ilitoka kooni kidogo tu, na simu haikuikamata.

"Mzee," nikamwambia, "iite kama ulivyokuwa unaita mtu aliye chini ya lori."

Akatikisa kichwa. Akasema hana tena mtu chini ya lori. Akashika kofia yake, na siku hiyo hakujaribu tena. Tukaiacha simu kwenye meza ndogo kando yake, imechajiwa, ina mega, na tukashuka kutoka Musaga. Nilijua nimefanya nilichoweza, na nilijua pia kwamba huenda hakitoshi. Eric alinibebea mfuko wangu njia yote.

Nisiwadanganye kwamba nililala vizuri siku zilizofuata. Nilikuwa nafikiria lile neno, ananiishia mkononi. Nilifundisha watu wengine, nikasoma kitabu cha kilimo cha mihogo, Eric akaniambia nasoma mihogo kama tangazo la kifo. Akawa anarudisha salamu kwenye vitabu vya zamani, kimoja kimoja, kutoka kwenye mikanda yenyewe, na kila mara chumbani sauti ya Maman Furaha inauliza kama uko salama. Mara ya kwanza nilimsikia Eric, akidhani yuko peke yake, anamwambia ndiyo.

Kisha Mama Shakila akaja. Aliingia ofisini amefunga kitenge vizuri, kilemba kipya, lakini uso umekunjana, nikajua mambo yameharibika. Nikampa kiti. Akakataa chai.

"Umenitia aibu nyumbani kwangu, Mwajuma."

"Nimefanya nini?"

"Nilikuwa uani, nageuza samaki wa ndagala kwenye mafuta. Asubuyi. Nikasikia mutu anapiga salamu sebuleni. Sauti ya garage. Ile yenye ilikuwa inafika barabarani. Nikasema, nani huyo? Nikasahau kama ni sauti ya bwana wangu, ilikuwa imenipotea. Halafu nasikia anaitikiwa, mwanamuke, anamuuliza ameamukaje. Naye anajibu. Anajibu vizuri, muzima muzima, anauliza mpaka habari ya bwana wako marehemu... mpaka habari ya watoto wako."

"Alijibu?"

"Nisikilize. Nikasema, mugeni ameingia na mi sikumuona, kuko mwanamuke sebuleni na mi nanuka ndagala. Nikaepua mafuta, nikanawa, nikabadilisha kitenge. Nikatia chai vikombe viwili, vile vya wageni, nikaweka kwenye sinia. Naingia, nasema karibu. Aiko mutu. Ni ye peke yake, simu juu ya goti, na weye ndani yake unaeleza lori lenye limelala kwenye mulima."

Nilitaka kucheka, nikamwona anaminya ncha ya kilemba chake, nikaacha.

"Akasikia vikombe," akasema. "Akaiambia simu simama. Ikasimama. Akaniambia, Mama Shakila, ni Mwajuma, amesema nikusalimie. Halafu akageuka upande wangu kabisa, kama vile ananiona. Akasema, na weye, umeamukaje?"

Nje pikipiki ilipita na kelele zake.

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Sikujibu haraka. Nilikuwa na mambo mengi ya kujibu, Mwajuma, ya siku zote zile, sikujua nianze na gani. Nikakaa chini. Nikashika kikombe cha mugeni."

"Na yeye?"

Mama Shakila akafuta macho kwa kiganja.

"Alingoja," akasema.